Maktaba ya mbegu Malindi: kabati la kunde ndani ya laibrari litafanyaje kazi, na sheria yasemaje saa hii?

Tangu ile hukumu ya Novemba 2025 kuhusu mbegu za wakulima, huku kwetu Malindi kila mtu ana lake. Kwenye magrupu ya WhatsApp utasoma ati sasa ni ruhusa kila mtu auze mbegu yoyote anavyotaka, ukishuka kidogo mwengine anaonya kwamba ukimpa jirani kunde za kupanda bado waenda jela, na wa tatu anauliza hii maktaba ya mbegu ni kitu gani tena, ni mradi wa wazungu ama ni GMO inaletwa kichinichini. Swali la kama laibrari ya umma yaweza kuwekwa kabati la mbegu za wananchi mimi naliona ni swali zuri sana na jibu lake ni ndiyo, yawezekana kabisa, ila kuna mambo manne matano yamechanganywa pamoja na yasipotenganishwa kabati litawekwa, litapigwa picha, halafu mwaka ukiisha litakuwa limejaa mbegu zilizokufa ambazo hakuna anayejua zilikuwa ni za nini.

Basi tuende pole pole.

Maktaba ya mbegu ni kabati, ama droo, ama hata sanduku la plastiki lenye kifuniko, linakaa ndani ya laibrari ya kawaida ya vitabu na ndani yake mna mbegu. Unaingia, unachagua, unaandikwa kwenye daftari, unaondoka nazo bila kulipa hata shilingi, unapanda, na ukijaliwa mavuno unarudisha kiasi. Hapo ndipo watu hukwama, wanauliza nitarudishaje mbegu nishaizika ardhini? Ni vile unavyoazima kikombe cha sukari kwa jirani, hurudishi punje zile zile, warudisha kikombe kingine siku ukinunua. Tofauti ni kwamba mbegu huzaa, kwa hivyo aliyechukua kiganja cha kunde msimu ukienda vizuri anaweza kurudisha viganja viwili na bado akapika, akala, akauza.

Si sawa na benki ya mbegu. Benki ya mbegu ya taifa iko Muguga, ilianzishwa 1988, kazi yake ni kuweka sampuli kwenye baridi kali ili aina za mimea zisipotee hata miaka mingi ikipita, na ile kubwa ya dunia iko Svalbard huko Norway, ilifunguliwa 2008, imechimbwa ndani ya mlima ambao ardhi yake imeganda kwa baridi. Zile ni za kuweka. Hii yetu ni ya kutoa. Mbegu ikikaa kwenye kabati la laibrari misimu mitatu bila kuchukuliwa, hiyo ni hasara, manake kila msimu unaopita inazidi kuzeeka na kule shambani hakuna aliyeiona. Na pia si sawa na siku ya mabadilishano, ambapo watu hukutana mara moja uwanjani kila mmoja na kifuko chake halafu wanatawanyika, ingawa siku kama hiyo ni njia nzuri sana ya kulijaza kabati mara ya kwanza.

Wazo la kuiweka ndani ya laibrari limejulikana sana kupitia Marekani. Kule California kikundi cha mji wa Berkeley kilianza kuazimana mbegu karibu mwaka 2000, halafu 2010 laibrari ya umma ya Richmond, mji wa jirani, ikafungua ya kwake na kuandika utaratibu wake ili wengine waufuate, zikaenea mamia kwa mamia. Lakini kuhifadhi mbegu na kupeana hakukutoka Marekani jamani. Bibi zetu wa Ganda na Kakuyuni na Jilore walikuwa na mbegu ya msimu ujao imetundikwa kwenye dari ya jikoni juu ya meko, moshi unaikausha na kuifukuzia fukusi, na bibi arusi akiolewa anaenda na mbegu za kwao. Kilichoongezwa na laibrari ni daftari.

Na hilo daftari kwa maoni yangu ndilo jambo lenyewe. Watu huuliza kwa nini isiwekwe kwa chifu, ama kwa agroveti, ama nyumbani kwa mwenyekiti wa kikundi. Kwa sababu mbegu isiyo na jina ni nafaka tu. Kunde iliyo kwenye chupa bila maandishi huwezi kujua ni ile inayotambaa ama ile ya kusimama, inaiva kwa siku sitini ama tisini, ilitoka Marafa kwenye ukame ama ilitoka kando ya mto Sabaki kwenye maji mengi. Mwenye kujua ni aliyeilima, na siku akihama au akifa habari imekwenda naye hata kama mbegu imebaki. Laibrari tayari ina watu ambao kazi yao kila siku ni kuandika kitu gani kimetoka, kimekwenda kwa nani, na kimerudi lini. Tena iko wazi kwa kila mtu, mwanafunzi, mama wa nyumbani, mvuvi mwenye kishamba nyuma ya nyumba, hakuna wa kuulizwa wewe ni wa kikundi gani.

Sasa sheria, manake hapa ndipo uoga ulipo

Sheria inaitwa Sheria ya Mbegu na Aina za Mimea, Sura ya 326, ni ya tangu 1972 na ilifanyiwa marekebisho makubwa 2012. Kwa yale marekebisho, kuuza au kubadilishana mbegu ambazo hazijasajiliwa na kuthibitishwa kukawa ni kosa, na adhabu ilikuwa faini hadi shilingi milioni 1 ama kifungo hadi miaka 2. Fikiria mkulima wa Magarini mwenye ekari moja na nusu akiambiwa hivo kwa sababu ya kupeana kunde. Mwaka 2022 wakulima wadogo 15 wakaenda mahakamani, na Novemba 2025 Jaji Rhoda Rutto wa Mahakama Kuu akaamua kwamba vifungu vilivyowafanya wakulima kuwa wahalifu kwa kupeana na kuuziana mbegu zao za kienyeji vinakwenda kinyume na Katiba, na vile vile vifungu vilivyowapa maofisa nguvu za kuvamia hifadhi za mbegu na kuzibeba.

Katiba yenyewe ya 2010, Ibara ya 11, inalitaka Bunge litunge sheria ya kutambua na kulinda umiliki wa mbegu za kiasili na matumizi yake kwa jamii za Kenya. Kwa hivyo hii si huruma ya jaji, ni kitu kiliandikwa kitambo.

Lakini hukumu haikusema kila kitu ni ruhusa. Mtu akichukua mahindi ya kusagia ya sokoni akayapaka rangi na kuyafunga kwenye pakiti ya kampuni ayauze kama mbegu, huyo ni tapeli na sheria bado inamngoja. Mbegu za kununua zinasimamiwa na KEPHIS, shirika la serikali la kukagua mimea na mbegu, kama zamani, na ile stika ya kukwaruza kwenye pakiti, unayotuma namba zake kwa SMS kwenda 1393 ili ujue ni halali, endelea kuitumia tafadhali, mbegu feki zimewaumiza watu wengi. Laibrari haingii kwenye biashara hiyo hata kidogo. Inapokea mbegu za wakulima, inazitoa bure, basi. Ndio maana nashauri ikianzishwa iandikwe wazi kwenye kabati kwamba hakuna kuuza, na kwamba mbegu hizi hazijathibitishwa na yeyote, zimetoka kwa mkulima kwenda kwa mkulima.

Haya mambo hayajawakuta Wakenya peke yao. Mwaka 2014 laibrari moja ya mji mdogo wa Mechanicsburg, jimbo la Pennsylvania huko Marekani, iliandikiwa barua na idara ya kilimo ya jimbo ikiambiwa kabati lake la mbegu linakwenda kinyume na sheria ya mbegu, ati lazima zipimwe na kuwekwa lebo kama za dukani. Wakalazimika kubadilisha mpango. Watu wakapiga kelele, majimbo mengine kama Minnesota na California yakabadilisha sheria zao, na 2016 Pennsylvania yenyewe ikafafanua kwamba sheria ile inahusu wanaouza na si wananchi wanaopeana. Kumbe ubishi ulikuwa ni ule ule wetu, kuuza na kupeana kuwekwa kapu moja.

Na ruhusa ya kuweka kabati yaombwa wapi? Jedwali la Nne la Katiba linaweka kilimo na maktaba zote mbili upande wa kaunti, kwa hivyo mnaongea na mkutubi wenu, na ofisi ya kaunti inayomsimamia, na mnamleta ofisa wa kilimo wa wadi tangu kikao cha kwanza. Sio kwa sababu ya kuogopa, ni kwa sababu huyo ofisa atawafaa.

Haibridi, kienyeji, GMO

Hapa kuna mkanganyiko mkubwa kuliko wote. Haibridi ni mbegu iliyopatikana kwa kuoanisha makusudi mistari miwili ya zao moja, chavua ya huyu kwa ua la huyu, ili mtoto awe na nguvu. Haijaguswa maabara kwa kuingiziwa jeni ya kiumbe kingine, hiyo ndiyo GMO, na zao la GMO ambalo serikali iliruhusu wakulima wa Kenya walime ni pamba ya Bt, iliyoidhinishwa 2019. Kwa hivyo pakiti ya Pwani Hybrid 4 uliyonunua agroveti si GMO, wala haina sumu ya kukuzuia kuzaa kama voice note moja inayozunguka inavyodai.

Uongo mwengine ni kwamba mahindi ya haibridi ukiyapanda tena hayaoti. Yataota. Shida ni kwamba hayatafanana, moja refu moja fupi, moja lina gunzi kubwa jirani yake halina kitu, na mavuno yatashuka. Ndio maana haibridi hairudishwi laibrari, si kwa ubaya wake, ni kwa sababu huwezi kumuahidi anayefuata atapata nini.

Za kufaa ni mbegu zinazozaa watoto wanaofanana na wazazi, yaani za kienyeji zilizochaguliwa na wakulima vizazi kwa vizazi, na pia zile zilizotengenezwa na watafiti lakini zinaweza kurudiwa, kama mahindi ya Coast Composite ya kituo cha utafiti wa kilimo cha KALRO Mtwapa. Na yule anayesema mbegu za kienyeji hazizai, jibu ni inategemea mvua. Mwaka wa mvua nzuri na mbolea haibridi itamshinda mdzihana, yaani mahindi yetu ya kienyeji, hilo silifichi. Mwaka mbaya hesabu hubadilika. Kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022 mvua zilikataa misimu mitano mfululizo sehemu kubwa ya nchi na Kilifi tuliumia sana, halafu mwisho wa 2023 ikaja El Nino na mafuriko. Watu walikula mbegu, wakapanda ikafa, wakapanda tena ikasombwa, na baada ya hapo kuna aina ambazo ukiziulizia kijijini unaambiwa siku hizi hazipo. Hiyo ndiyo sababu mimi nalipigania hili kabati.

Anza na mimea inayojioa yenyewe

Ua la kunde hujichavusha lenyewe kabla hata halijafunguka vizuri. Pojo (ndengu) pia, maharagwe pia, na tungule (nyanya) kwa kiasi kikubwa. Ukipanda kunde nyekundu ukavuna kunde nyekundu, hata kama jirani ana nyeupe hatua kadhaa kutoka kwako. Hizi ndizo za kuanza nazo.

Mabenda (bamia) nyuki huyachanganya kidogo, kwa hivyo weka umbali kati ya aina mbili. Maboga, matango na matikiti nyuki ndiye bwana harusi, na boga lako tamu laweza kuoana na boga la mwengine bila wewe kujua, hutaona ajabu hadi msimu ujao unapofungua boga na ndani ni jingine kabisa. Mwenye kutaka kurudisha boga itabidi afunge ua jike kwa kitambaa jioni kabla halijafunguka, asubuhi alipakae chavua ya ua dume kwa mkono, alifunge tena. Si kazi ngumu ila yataka kuamka.

Mahindi ndiyo magumu kuliko yote, chavua yake yabebwa na upepo na huku pwani upepo hatuna shida nao. Anayelima mbegu ya mahindi kwa kuthibitishwa huambiwa aache mita 200 kutoka mahindi mengine, na nani kati yetu ana nafasi hiyo? Njia iliyobaki ni kuachanisha wakati, upande wiki tatu nne mbali na jirani ili maua yasikutane, na uchukue mbegu kutoka magunzi mengi, mia moja kwenda juu, kwa sababu mahindi yakirudiwa kutoka mimea michache hudhoofika. Kwa hivyo mahindi yangoje. Najua watu wengi wanaposikia mbegu wanafikiria mahindi kwanza, lakini kabati likianza na mahindi yaliyochanganyika imani ya watu itavunjika mapema.

Kuna na vitu ambavyo havifai kabati kabisa. Kokwa la embe, iwe ngowe iwe boribo, ukilikausha limekufa, nazi ndiyo usiseme. Na muhogo na viazi vitamu, hizo ni vipando, hubeba magonjwa ndani yake. Batobato na michirizi ya kahawia husafiri kwenye kipande cha muhogo kinachoonekana kizima kabisa, na ule wa michirizi kwa mara ya kwanza uliandikwa na watafiti miaka ya 1930 hapo mkoa wa Tanga, kwa jirani zetu. Kipando cha muhogo kitoke shamba ambalo mmelitembelea mkaona majani yake, si mezani kwa mkutubi.

Adui yetu ni hewa ya bahari

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo mipango mizuri itafia.

Ukitafuta picha za maktaba za mbegu mtandaoni utaona droo nzuri za mbao zilizokuwa za kadi za vitabu, ndani zimepangwa bahasha ndogo za karatasi. Inapendeza. Kwa Malindi na Lamu ni kosa. Mbegu hunywa unyevu wa hewa iliyo nayo, na hewa yetu ina unyevu wa karibu asilimia 80 sehemu kubwa ya mwaka, kwa hivyo hata uikaushe vipi, ukiiweka kwenye karatasi baada ya wiki chache imerudi pale pale. Kuna kanuni ya mtaalamu wa mbegu James Harrington ambayo wahifadhi wengi huifuata: kila unyevu wa ndani ya mbegu ukishuka kwa asilimia 1, maisha yake ghalani huongezeka mara mbili, na kila joto likishuka nyuzi 5, mara mbili tena. Geuza hesabu uone ya kwetu, joto karibu 30 na unyevu umejaa, mbegu ambayo Nyahururu ingekaa miaka hapa yaweza kuisha nguvu kabla ya msimu wa pili.

Dawa yake si ghali. Kausha kwenye mkeka jua la asubuhi, sio juu ya mabati wala saruji saa saba mchana, joto likipita nyuzi 40 kiini kinaungua na mbegu kwa nje inaonekana nzuri tu. Ingiza ndani kabla ya magharibi, umande wa usiku hurudisha maji yote. Ukitaka kujua imekauka, kaanga chumvi kwenye sufuria mpaka ikauke kabisa (chumvi yetu ya Gongoni ikikaa wazi yenyewe huwa na maji), tia kijiko kwenye chupa ya glasi kavu, jaza mbegu robo, funga, tikisa, acha kama dakika kumi na tano. Chumvi ikigandia kwenye chupa, rudisha juani. Ikianguka yote chini, unyevu wa mbegu uko chini ya asilimia 15 hivi, na hapo haijatosha bado, ni ya kula hiyo, mbegu ya kungoja msimu yataka ikauke zaidi. Kaanga mchele bila mafuta mpaka ubadilike rangi kidogo, uache upoe ndani ya chupa iliyofungwa, halafu zitie mbegu kwenye kitambaa chepesi ndani ya chupa hiyo hiyo, uzito sawa na mchele, funga kabisa wiki moja. Mchele utanyonya. Vile vifuko vidogo vya punje ngumu vinavyokuja na viatu vipya pia vinafanya kazi hiyo, msivitupe.

Baada ya hapo mbegu iishi kwenye chupa isiyopitisha hewa, chupa ya soda ya plastiki yenye kifuniko chake yafaa sana. Jaza mpaka juu. Wadudu wa kunde mayai yao huja tangu shambani, kwa hivyo hata mbegu safi hutoboka ukiwa umeifunga, lakini chupa ikijaa na kufungwa vizuri hewa huisha na wanakufa. Majivu makavu mengi pia husaidia, na majani makavu ya mwarobaini. Kwenye laibrari basi mtindo uwe huu: chupa kubwa hazifunguliwi ovyo, siku ya kugawa ndiyo zinapimwa pakiti ndogo za kutosha siku ile. Kama kuna friji, vizuri zaidi, ila ukiitoa chupa iache ipate joto la chumbani kabla ya kuifungua, la sivyo maji yatajikusanya juu ya mbegu na kazi yote imeharibika.

Kabla ya kugawa, pima uotaji. Punje kumi kwenye kitambaa kibichi, kifunike, siku tano hadi saba hesabu. Zikiota nane, andika asilimia 80 kwenye lebo. Zikiota nne usizigawe kama kawaida, mpe mkulima mmoja azipande zote upya haraka kabla hazijapotea.

Lebo, na hofu ya kuibiwa

Kwenye lebo andikeni jina la zao, jina linaloitwa nyumbani hata kama ni la Kigiriama au Kibajuni, kijiji ilikovunwa, mwezi na mwaka, siku za kuiva, na maneno machache ya aliyeilima, kama ilivumilia jua, kama ndege waliipenda, kama majani yake ni laini kwa mboga. Jina la mkulima liwekwe akikubali tu. Mbegu yenye rangi ya waridi au buluu au kijani ya dawa isipokelewe kabisa, hiyo ni ya dukani na ina sumu, mtoto anaweza kuitia mdomoni.

Wazee wengine wanasema tukiziweka mbegu zetu wazi hivi, kampuni zitakuja kuzichukua na kuzisajili kama zao. Hofu hiyo nawaheshimu nayo, haikutoka hewani. Lakini ili mtu apewe haki ya aina ya mmea lazima aonyeshe ni mpya na ni tofauti na zote zinazojulikana, na daftari la laibrari lenye tarehe, jina la kienyeji na kijiji ni ushahidi kwamba aina hiyo ilijulikana na ina wenyewe. Iliyofichwa kwenye dari la bibi mmoja haina wa kuitetea. Kama kuna maarifa ya dawa ama ya mila yanayoambatana na mbegu, hayo hamlazimiki kuyaandika, tangu 2016 kuna sheria ya kulinda maarifa ya jadi, na jamii ndiyo yenye kuamua kipi kitoke.

Wasiporudisha je?

Wengi hawatarudisha. Wengine mvua itakataa, wengine mbuzi wataingia, wengine watakula zote na wana haki. Msiweke faini, mtu aliyeshindwa akiogopa kurudi mmempoteza yeye na habari ya kilichotokea, na habari hiyo yenyewe ni mali, kujua kunde fulani ilikufa Marafa lakini ikastahimili Ganda kunawasaidia wote. Mwambieni arudi hata mikono mitupu asimulie, iandikwe.

Kabati litegemee wakulima walezi, watu watano sita waliokubali kupanda kipande kidogo kila msimu kwa ajili ya laibrari, wakichagua mbegu kutoka mimea bora iliyofungwa utepe mapema na si kutoka masalia ya mwisho wa mavuno. Theluthi moja ya kila aina isigawiwe, na chupa yake moja ikae nyumba nyingine mbali na laibrari, paa huvuja. Shule zenye klabu za kilimo za 4K ziingizwe, watoto wanapenda sana kuhesabu zilizoota.

Masika hupandwa kuanzia mwisho wa Machi, vuli ni Oktoba kwenda Novemba. Kwa hivyo pakiti zitoke Machi na Septemba, na kupokea kuwe Agosti na Februari, kila mara baada ya kukausha. Msimu wa kwanza aina tatu zatosha, kunde, pojo na tungule, na anayetaka kuchangia asilete debe, alete kikombe kimoja kikavu na aje mwenyewe ili mkutubi amuulize yale ya kuandika.